Mkata Nyasi wa Kiwanja cha Ndege

Sikumpenda, na sitajifanya leo kwamba nilimpenda kwa sababu tu sasa najua alichokuwa akifanya. Kwa miaka mingi nilimwona kila wiki, na kila wiki alinikera. Alikuwa mkata nyasi wa kiwanja cha ndege cha jeshi, huko chini Embu ambako baridi ya mlima inaishia na ukame wa Mbeere unaanza. Sisi tuliokaa ng'ambo ya waya tulimwita hivyo hivyo, Mkata Nyasi, maana jina lake hatukutaka kulibeba mdomoni. Mama yangu alikuwa hamtaji bila kutema mate kando kwanza.

Sababu ya mate yale kila mtu aliijua. Kiwanja kilikuwa ardhi yetu. Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya miaka ya hamsini, wakoloni walitaka mahali pa kurushia ndege za kwenda kupiga msitu wa mlima, wakachagua tambarare nzuri kuliko zote, wakazipa familia tisa siku chache za kubeba sufuria na kuku, kisha katapila likapita juu ya nyumba, maghala na makaburi. Familia ya guka, babu yangu mzaa baba, ilikuwa mojawapo. Uhuru ulipokuja tulidhani waya utang'olewa. Haukung'olewa. Kilichobadilishwa ni bendera na rangi ya wanajeshi, na waya ukaongezewa miba. Baba yangu alijenga kwenye kipande cha mawe ng'ambo ya pili, akazeeka akitazama shamba la baba yake likikatwa nyasi na mtu wa kuajiriwa.

Na mtu huyo wa kuajiriwa alikuwa na bidii ya kuudhi. Alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani, alikuwa tayari upande wa mashariki na slasha yake, tupa ya kunolea ikiwa katika mfuko wa nyuma. Alisema nyasi kavu humkwepa mtu lakini yenye umande husimama ikangoja. Hakuna aliyekuwa akimpima, lakini hakuacha unyasi mmoja upite kifundo cha mguu wake. Kando ya njia ya ndege kulikuwa na mawe yaliyopakwa chokaa, na mvua ikiyachafua aliyasugua moja moja kwa gunia. Ndege zenyewe zilikuja kwa nadra, moja leo, nyingine labda baada ya mwezi, ikishusha maofisa wawili na makasha, ikaondoka. Kwa ajili ya hizo alikata mwaka mzima.

Mbuzi wetu walijua nyasi tamu ziko wapi. Wakipenya waya aliwakamata, akawafunga kwenye kibanda kando ya chumba cha walinzi, na hakukubali kumrudishia mtoto. Alitaka mzazi. Nilikuwa na miaka tisa siku nilipofuatana na baba kwenda kukomboa mbuzi wawili. Baba alisimama langoni, kofia mkononi, akaomba radhi kwa kuingiza mifugo yake katika ardhi ya baba yake mwenyewe. Mkata Nyasi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Ndege haina breki ya mbuzi." Basi. Akafungua kamba. Njia nzima kurudi nyumbani baba alitembea mbele na mbuzi, na mimi nilimchukia mtu yule kwa nguvu zote za miaka tisa. Chuki hiyo nilikaa nayo hata nilipokuwa mwalimu mwenye watoto wangu.

Alivaa sweta ya jeshi yenye viraka vya viwiko, jua likiwaka, jasho likimtiririka, na kila gari lililopita alilipigia saluti, hata pikapu ya mchungaji. Wanajeshi walimpa zile biskuti zao ngumu za makasha. Nyumba za jirani zilikuwa na watoto wenye njaa, na yeye biskuti alimpa punda wake. Nimejaribu kutafuta sababu njema ya jambo hilo, sijaipata. Nadhani alimpenda punda kuliko sisi.

Kanisani aliketi benchi la mwisho, akaimba besi isiyolingana na ya mtu yeyote. Hakuwa katika kamati yoyote. Mwaka tulipojenga ukumbi wa kanisa, fundi alikosea msingi, na ukuta ukapanda umepinda. Mtu yule alipita pale kila jioni akitoka kazini, na kwa mistari iliyonyooka hakuna aliyemshinda, maana ndiyo kazi aliyofanya maisha yake yote. Ukuta ulipofika madirishani ndipo mchungaji akaona umepinda, akashika kichwa. Mtu mmoja akamuuliza Mkata Nyasi kama yeye hakuwa ameona. Akasema aliona siku ya kwanza. Kwa nini hukusema? Akajibu, "Sijaitwa."

Neno hilo lilikuwa lake. Ng'ombe wa jirani akivimba tumbo, yeye amesimama uani na dawa anaijua: sijaitwa. Ndugu wawili wakigombania njia ya maji: sijaitwa. Tulilichukua kuwa kiburi, wengine wakasema ni roho mbaya tu. Ukuta wa kanisa umepinda mpaka leo, na kila nikiuona nafsi yangu inachemka.

Ukoo wake sitaueleza, na yeye mwenyewe hakuueleza. Ila jambo moja lazima lijulikane. Watu wake walikuwa wahoi, yaani walioomba kulima katika ardhi ya wengine. Walilima kando ya familia zile tisa kabla ya katapila, na walifukuzwa siku moja nazo, tofauti ikiwa kwamba wao hawakuwa na chao cha kudai. Muhoi alikuwa na heshima yake na sheria zake. Angeweza kulima, kuvuna, kuoza binti na kuzika. Lakini habari za mpaka wa wenyeji hakutia mdomo, mpaka wenye mpaka wote wawili wamwite kwa pamoja, kwa sababu muhoi anayeonyesha mpaka bila kuitwa ataambiwa anajikatia kipande. Sheria hii nilikuwa nimeisikia kwa nyanya yangu. Niliisikia kama mtu anavyosikia hadithi ya fisi.

Sasa niseme kuhusu magoti yake, maana hapo ndipo ujinga wetu ulipolala. Kila mvua za kwanza zilipokwisha kunyesha, Mkata Nyasi aliweka slasha chini, akachukua kisu kidogo, akapiga magoti kwenye nyasi za pembeni ya njia ya ndege. Alikwenda hivyo, hatua kwa hatua, akikata kitu huku na huku, akifuata njia ambayo sisi hatukuiona. Siku nyingine alifika mahali pasipo na kitu, akainua mguu na kuvuka, akaendelea. Wanajeshi walimcheka kwamba anasali kwa nyasi. Sisi nasi tulicheka, ng'ambo ya waya, na hilo ni jambo moja tu tuliloafikiana na jeshi.

Kisha alikuja ofisa kijana mwenye haraka, akaleta trekta la kufyeka na mpango wa kuchimba mitaro pembeni. Mkata Nyasi alilala kifudifudi mbele ya gurudumu. Walimbeba, akarudi akalala. Walimfungia siku mbili katika chumba kile kile cha walinzi ambacho kando yake alikuwa akifungia mbuzi wetu, na mama yangu alicheka mpaka akakaa chini. Ofisa alihamishwa kabla ya mitaro kuchimbwa, trekta likaondoka, na slasha ikarudi. Tulisema mzee anaogopa mashine itamnyang'anya kazi. Hatukuwa na fikira nyingine, na wala hatukuitafuta.

Jeshi liliondoka kimya kimya. Malori yalipita asubuhi mbili, bendera ikashushwa, ikabaki nguzo. Ndani ya wiki moja mabati, milango, vioo na hata kile kitambaa cha kuonyesha upepo vilikuwa vimekwenda na watu, na sisemi ni watu gani kwa kuwa mlango mmoja niliuona kwa shangazi yangu. Yeye alibaki. Hakuna mshahara, hakuna ofisa, hakuna ndege, na kila alfajiri slasha ilisikika. Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa Kanja na kufundisha huko, nikishuka nyumbani kumtazama mama. Jumamosi moja nilisimama nikamuuliza, kwa sauti ambayo sasa ninaionea haya, anamkatia nani. Alipangusa jasho kwa mkono wa sweta. "Nyasi haijui kama jeshi imeenda," akasema, akainama tena.

Baada ya hapo maneno yakaanza. Kiwanja kitafanywa mji wa biashara, kutakuwa na viwanda, stoo baridi za maembe ya Mbeere, kazi kwa vijana. Wakubwa wa ardhi walikuja na faili, wakatuambia jambo ambalo baba yangu alikufa akilingoja: kabla mwekezaji hajakabidhiwa, familia zilizofukuzwa zitasikilizwa. Ila maneno matupu hayatoshi. Anayedai aonyeshe mpaka wake juu ya ardhi yenyewe, mti au kaburi au alama, na anayeonyesha atarudishiwa. Wasipoonyesha, yote ni ya umma. Watarudi mvua zikiisha.

Tuliunda kamati. Mwenyekiti alikuwa mwana wa familia iliyopakana na ya guka, mtu wa sauti kubwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Mimi nikawa katibu kwa sababu ya mwandiko. Wazee waliowahi kuishi mle ndani kama watu wazima walikuwa wamekufa wote. Waliobaki walibebwa mgongoni siku ile ya kufukuzwa, wakumbuke nini? Tulikwenda tukatembea kiwanjani kutwa nzima, tukaona nyasi. Katapila lilikuwa limepita, tukasema, alama itatoka wapi.

Mkutano mkubwa tuliufanya katika ukumbi ule wa ukuta uliopinda. Mkata Nyasi alikuja, akakaa benchi la mwisho, kofia juu ya magoti. Hakunyoosha mkono. Mwenyekiti alimwona, akasema kwa sauti ya kuwachekesha watu kwamba leo hata watumwa wa jeshi wamekuja kugawiwa ardhi. Watu walicheka. Nilicheka na mimi. Nilikuwa nikiandika majina ya waliohudhuria, nilikuwa nimeshaliandika lake, nikapitisha kalamu juu yake. Aliketi mpaka sala ya mwisho, akavaa kofia, akaenda.

Wazo la kulima sitamsukumia mtu. Tuliliwaza pamoja, na lilikuwa wazo la kwetu kabisa. Huku kila mtu anajua kwamba shamba lisilo na jembe halina mwenyewe. Ukiwa na kesi ya ardhi, unachofanya kwanza ni kulima na kupanda mahindi, ili yeyote atakayekuja akukute ndani, mazao yako yakisimama. Mawakili wanakataza na watu wanafanya. Tukasema, kwa kuwa hatuna alama, tutaonyesha mahindi. Wakubwa wakifika watakuta familia tisa zinalima, watapata wapi moyo wa kutufukuza mara ya pili? Tulichanga, trekta likatoka Mwea, likafika asubuhi ya mawingu.

Mkata Nyasi alikuwa mbele yake. Safari hii hakulala, nadhani mgongo ulikuwa umekataa. Alisimama na slasha begani akamwambia dereva alime katikati, aache pembeni penye nyasi. Ulikuwa upuuzi mtupu, maana katikati ni njia ya ndege, changarawe iliyoshindiliwa ambayo hata kwa sururu usingeotesha mahindi. Dereva alicheka. Mwenyekiti alianza kumtukana, kwa hiyo mimi ndiye niliyemwendea, kwa kuwa niliaminika na wazee.

"Mzee, toka njiani," nikamwambia. "Hapa si pa jeshi tena."

"Mwalimu, niiteni."

"Tukuite wapi?"

"Niiteni nyinyi nyote. Wewe, na huyo, na wale wa kule," akasema, akizungusha kidole kwa familia zilizosimama. "Jirani na jirani wake. Mkiniita nitasema."

Nilimwelewa kama mtu mwenye akili iliyochoka anavyoelewa. Nilidhani anataka kuwekwa kwenye orodha, apate fungu. Mwenyekiti alisema hivyo waziwazi: mzee anataka kipande. Nikaona uso wake ukifunga. Hilo ndilo neno hasa ambalo muhoi anaishi akilikwepa, na mwenyekiti alikuwa amelitupa mbele ya watu wote. Akatoka njiani. Trekta likaingia kwenye nyasi.

Alilifuata nyuma na gunia. Kutwa nzima alilifuata, akiinama na kuokota vitu kwenye udongo uliogeuzwa, vitu vyeupe vilivyofanana na vitunguu vikubwa, vingine vikiwa vimekatwa nusu na majembe. Kila alipofika mahali fulani alifunga fundo kwenye gunia kwa kamba, akaanza kuokota tena juu ya fundo. Nilimwona. Wote tulimwona. Mtu mmoja alisema ni dawa ya punda.

Mvua za mwisho zilikatika mahindi yakiwa na urefu wa goti. Yalikuwa yameanza kujikunja siku wakubwa waliporudi. Pamoja nao alikuwa saveya wa kupima ardhi, mama wa makamo kutoka Meru, mwenye viatu vya kazi na maneno machache. Mwenyekiti alihutubia kuhusu mahindi. Yule mama hakumsikiliza, alitembea peke yake kwenye matuta, akapiga teke bonge la udongo, akainama, akaja kwangu na kipande mkononi.

"Mwalimu, hii ni nini?"

Nikasema ni kitunguu cha porini.

"Hii ni itoka. Hata kwetu Meru tunapanda hii kwa mpaka. Wazee wanaapa nayo." Alikigeuza, akaonyesha palipokatwa. "Ilikuwa mingi?"

Neno itoka nililijua. Kwetu mtu mwovu anaitwa mng'oa itoka, nyanya yangu alilitumia kama laana, na mimi mwenyewe nimewaambia watoto darasani kwamba mababu walitenga mashamba kwa ua la itoka ambalo halikung'olewa na mtu. Neno nilikuwa nalo. Mmea sikuwahi kuujua. Nilikulia kwenye kipande chenye hati na nguzo za saruji, na nilipouona mmea wenyewe nikauita kitunguu.

Katapila la mkoloni lilikuwa limekwangua juu tu. Mizizi ilibaki chini, na kila mvua ilitoa majani na maua katika mistari ile ile, familia kwa familia, ndani ya waya wa jeshi. Maua yangeonekana, ofisa mmoja angeyapenda, yangeng'olewa kupamba mesi, chumba chao cha kulia. Kwa hiyo kulikuwa na mtu aliyepiga magoti kila mwaka kuyakata kabla hayajafunguka, chini kabisa, bila kugusa mizizi. Miaka yote ile mipaka tisa ilikuwa mahali pake, hai. Sisi wenyewe ndio tuliokwenda kukodi trekta.

"Mmelima ushahidi wenu," yule mama akasema, wala hakupandisha sauti. "Sasa mnataka niandike nini?"

Aliandika alichoona. Mahindi mapya, hakuna alama.

Nendeni mkaone leo. Kuna ukuta mrefu, na lango lenye walinzi wanaokuuliza unamwona nani. Njia ya ndege imetiwa lami, inapita katikati ya maghala. Stoo ya maembe ipo, na maembe ya watu wa Mbeere bado yanaoza kando ya barabara kwa sababu hawajui wa kumwona ili waingie. Kile chumba cha juu walichotumia wanajeshi kuongoza ndege ni hoteli, watu wanapanda kupigwa picha. Na pembeni, mahali hasa palipokuwa na nyasi zake, kuna uwanja wa kufanyia harusi, umepandwa nyasi za kununuliwa zinazokatwa kwa mashine. Nilialikwa harusi moja huko. Sikuweza kumeza pilau. Waliotufukuza mara ya kwanza walikuja na bunduki, na hawa wa pili walitukuta tumeshawafanyia kazi yote, ndiyo hasira inayonila. Mwenyekiti alipata chumba cha duka karibu na lango. Alisema ni bahati nasibu. Nilimwita mwizi mbele ya watu kanisani, na tangu hapo hatujaamkiana.

Na Mkata Nyasi nilimkasirikia kuliko wote. Mtu ana kinywa, ana ulimi, anaona trekta, na anasema niiteni! Si ungepiga kelele? Si ungesema neno moja, itoka, hata kwa kunong'ona? Usiku na mchana nilimgombeza kichwani. Kila nikimaliza kumgombeza niliiona kalamu yangu ikipita juu ya jina lake, nikaanza upya.

Alikuwa ameondoka kijijini. Binti yake alimchukua akae naye mjini Embu, mtaa wa Dallas, na mwaka huu ndipo nilipopata namba ya binti huyo nikampigia. Binti ndiye aliyenisimulia habari za mama wa mzee. Mwezi wa kwanza wa kazi, Mkata Nyasi alileta nyumbani ua zuri jeupe alilong'oa kiwanjani. Mama yake alimpiga kofi, mtu mzima mwenye mshahara wa serikali. Jumapili iliyofuata wawili hao walipenya waya, mama mbele, na akamtembeza mpaka baada ya mpaka, hadi akaijua yote tisa bila kukosea. Kisha akamwapisha kwamba atailinda, na kwamba hataionyesha mpaka aitwe.

Nilikwenda Dallas Jumamosi mchana, na mkate na sukari. Nilimkuta uani kwenye plot ya nyumba za kupanga, sweta ile ile, amekonda, jicho moja likiwa na ukungu. Kati ya lango na tangi la maji kulikuwa na ukanda wa nyasi usiozidi hatua nane, na alikuwa akiukata kwa slasha. Binti yake alitoka na stuli. "Mwalimu, si nilikushow hataki kuambiwa apumzike," akasema, akarudi ndani.

Kando ya ukuta kulikuwa na mikebe ya rangi ya jeshi imejazwa udongo. Niliihesabu kabla sijajua kwamba ninahesabu. Tisa. Katika kila mmoja majani mapana yamejaa, na katika mmoja ua limefunguka, jeupe, lenye michirizi ya waridi.

Nilimwamkia. Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha, kwamba siku ile ya mkutano nilimtoa kwenye daftari.

"Najua," akasema. "Niliona kalamu ikipita."

Akaendelea kukata. Nilikaa. Nilitazama mikebe. Nikamwomba anionyeshe ni upi wa guka. Nilimwambia sitaki kitu kingine, nitaupanda juu ya kaburi la baba.

Aliweka slasha chini. Alinitazama kwa jicho zima, kisha akatazama nyuma yangu, langoni.

"Umekuja na nani?"

"Nimekuja peke yangu, mzee."

"Huyo mwingine wa mpaka wenu ako wapi?"

Nilimwambia hatusemezani. Nilimwambia mtu yule ni mwizi, amepewa duka, nikamweleza yote, sauti ikapanda mpaka binti akachungulia. Nikamwambia tena kwamba ardhi yenyewe imekwisha, kuna ukuta na lami, hakuna mtu atakayesema anajikatia kipande, kipande hakipo. Kuna mkebe tu. Amwogope nani?

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza baba langoni.

"Basi bado sijaitwa," akasema, akainama kuchukua slasha.

Nilitoka nje ya lango kwa hasira. Nilisimama kando ya barabara na mkate wangu mkononi, maana hata mkate nilisahau kumpa. Nyuma ya ukuta slasha ilikuwa imeanza tena, ikipita na kurudi kwenye zile hatua nane. Nilimtukana moyoni. Kisha nikatoa simu, nikatafuta namba niliyokuwa nimeapa sitaipiga tena, na ikaita mara nyingi kabla ya ile sauti kubwa kushika.

"Nani?"

Nilitaka kusema jina langu. Nilitaka kusema mengine pia, niliyokuwa nimeyaweka tayari miaka yote hii.

"Ni jirani yako," nikasema. "Njoo Dallas. Tunamwita mzee."